Mapazia ya Barabara Kuu

Yule mchinjaji anayecheka kwenye dirisha la bucha la Hession alichorwa na Malachy Tuohy, na hakuna mtu mjini Clonarra aliyemchukia mchinjaji huyo kuliko Malachy mwenyewe. Mchinjaji alikuwa na mashavu mekundu, kofia nyeupe na meno ya kutosha watu wawili. Nyuma yake zilining'inia soseji ambazo hazingeliwa na mtu. Bucha lenyewe lilifungwa Hession alipoanguka kwa kiharusi, dirisha likazibwa kwa plaiwudi, na kamati ya usafi wa mji ikaona plaiwudi ile inaleta aibu. Basi ikamwita Malachy.

Balaa likaanzia hapo. Kila kiangazi majaji huzunguka nchi nzima wakitoa alama kwa miji iliyopambwa vizuri, na watu wazima na akili zao hukosa usingizi kwa ajili ya alama hizo. Mwenyekiti wa kamati ya Clonarra alikuwa Bosco Lavelle, mwalimu mstaafu, mtu wa roho nzuri na makelele mengi, ambaye aliamini kwamba duka lililokufa likipakwa rangi linakuwa nusu hai. Baada ya bucha likafuata duka la mikate la akina Mulqueen, likachorwa mikate inayotoka mvuke. Likafuata la viatu. Likafuata hata la Cuffe, mzishi wa mji, ambaye alifariki bila kuacha mtu wa kuendeleza kazi. Pale Malachy aliambiwa achore duka la maua. Mpita njia aliye ndani ya gari angedhani Barabara Kuu imechangamka. Akishuka na kujaribu kuingia dukani, angekuta mkono wake umeshika rangi tupu.

Malachy alikuwa mchora mabango, mwana wa mchora mabango. Karibu kila jina lililowahi kukaa juu ya mlango katika barabara ile liliandikwa na baba yake au na yeye. Watu wengine hutembea wakitazama simu au miguu yao. Yeye alitembea akitazama juu, pale bango la plastiki lilipopasuka na kuonyesha jina la zamani chini yake, na chini ya jina hilo jingine la zamani zaidi. Kwenye ukuta karibu na daraja palikuwa na tangazo la chai lililochorwa na baba yake. Jua lilikuwa limelila, lakini ukuta ukilowa herufi zilirudi kwa muda, na kwa kuwa Clonarra mvua haikosi, alimtembelea baba yake mara nyingi tu.

Duka moja la kweli lilibaki, la Attracta Nestor. Aliuza nyuzi za sufu, vifungo, sare za shule na chupi za wazee. Alikuwa mjane, na Malachy alikuwa mjane, na watu walikuwa wameshachoka kuwasubiri. Siku Malachy alipokuwa akimalizia meno ya mchinjaji, maduka mengine yakiwa yameshafungwa, Attracta alivuka barabara na kikombe chake cha chai akaja kusimama chini ya ngazi.

"Malachy, mwogope Mungu. Hession hakuwahi kuwa na meno yote hayo, na yale machache aliyokuwa nayo hakumwonyesha mtu."

"Kamati imetaka acheke."

"Anacheka nini? Anatucheka sisi?"

"Labda. Nipishe, rangi itakudondokea."

Attracta hakupisha. Aliitazama barabara, upande huu na upande ule, na utani ukamtoka usoni.

"Sasa mimi siku yangu ikifika nani atanishushia pazia? Huyu bwana wa rangi?"

Hilo lilimchoma Malachy, maana alijua anachosema. Mjini kwao, jeneza likipita Barabara Kuu kwenda kanisani, kila mwenye duka hushusha pazia la dirisha lake, hufunga mlango na kusimama nje, kofia mkononi. Pazia halipandishwi mpaka gari la maiti limepita na kuvuka daraja. Hata kama una wateja, hata kama marehemu ulikuwa humpendi. Attracta alikuwa amemshushia pazia kila mtu, akiwemo mwanamke aliyemnyang'anya mchumba wake wa kwanza.

"Nitakushushia mimi," alisema Malachy. "Barabara nzima."

"Mapazia yenyewe hayapo, utashusha nini, pumzi?"

"Niachie mimi."

"Haya, nimekusikia." Alikunywa chai yake. "Ila usije ukanipitisha mbele ya jitu linalonichekelea. Nitaamka nikuzabe kofi."

Attracta alifariki miaka michache baadaye, mwezi wa Juni, hospitalini, katika mji mkubwa wa wilaya, na kwa kuwa Cuffe hakuwepo tena, maiti ikachukuliwa na kampuni ya mazishi ya hukohuko. Binti yake, Fidelma, alitua kutoka Australia macho yamemvimba, hajui aanzie wapi. Alikuwa ameondoka akiwa msichana, na sasa alisimama katikati ya duka la mama yake, simu mkononi, akizungumza na watu wa mazishi. Malachy alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwa na machozi. Alikuwa na kitu kizito kifuani kisichosogea.

"Mzee Malachy," Fidelma alisema, ameziba simu kwa kiganja, "wanauliza kama kuna la kuwaelekeza. Kuhusu njia na nini."

"La kuwaelekeza lipi tena, mwanangu? Jeneza linapita Barabara Kuu, linavuka daraja, linafika kanisani. Hilo nani asiyelijua? Wewe waambie saa ya misa tu."

Fidelma akawaambia saa ya misa. Kisha akampa Malachy ufunguo wa duka, maana aliuomba, wala hakumuuliza wa nini.

Siku iliyotangulia mazishi, asubuhi, Malachy alitoka na ngazi yake na makopo. Alianzia kwa Hession. Alimfunika mchinjaji kuanzia kofia kushuka chini, na alipofika kwenye meno alipaka rangi mara mbili, kwa raha isiyo na aibu. Hakupaka ovyo. Pazia la Hession lilikuwa la kijani kibichi, akalichora la kijani, na kamba yake na kile kipete cha mbao cha kulivutia, na doa la mafuta kwenye pindo ambalo mke wa Hession hakufaulu kulitoa. La Mulqueen lilikuwa na rangi ya maziwa. La viatu lilikuwa la kahawia na halikuwahi kushuka sawasawa; akalichora limeinama upande wa kushoto. Kwa Cuffe aliyazika maua yote chini ya pazia jeusi.

Halafu akapanda juu na bisibisi. Kamati ilikuwa imefunga kwa skrubu mbao zenye majina ya kubuni, majina matamu ya maduka ambayo hayakuwahi kuwepo. Akaziondoa moja baada ya nyingine. Chini yake zilikuwepo herufi za baba yake, zimebambuka, zimepauka, lakini zinasomeka. HESSION. MULQUEEN. CUFFE. Wenye maduka walitakiwa wasimame nje jeneza linapopita, na kwa kuwa wengi wao walikuwa makaburini, angalau majina yao yangesimama.

Bosco Lavelle alikuja mbio, koti halijafungwa.

"Malachy! Umefanya nini? Umefunga mji mzima!"

"Ulifungwa zamani, Bosco."

"Majaji wanakuja wiki hii! Nimehangaika na hivi vyungu vya maua tangu Pasaka. Watasema nini wakikuta mapazia yameshushwa?"

"Watasema kuna msiba."

Bosco aliligeukia duka la Attracta. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake mwenyewe alipozikwa, Attracta alisimama mlangoni kwake katikati ya mvua ya mawe.

"Ni kwa ajili yake?"

"Nilimwahidi."

"Basi kesho atapita." Bosco alijikuna shingo. "Ila akishapita tu, ndugu yangu, nirudishie barabara yangu. Nakuomba."

"Akishapita."

Asubuhi ya mazishi Malachy alivaa suti yake nyeusi, ile ya mkewe, kama alivyoiita, maana ndiyo aliyomzikia. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mji wote ulikuwa umekwenda kanisani ng'ambo ya daraja kusubiri, na waliobaki njiani ni paka na yeye. Alifungua duka la Attracta. Lilinuka sufu na sabuni. Pazia lilikuwa la manjano, na pembeni mwa kipete kitambaa kilikuwa kimechakaa, pale vidole vya Attracta vilipokamata kwa miaka yote akiwafungia wenzake. Malachy alikamata palepale. Akalishusha taratibu, akatoka, akafunga mlango, akavua kofia.

Akaitazama barabara, na kwa mara ya kwanza tangu Attracta afariki alihisi kile kitu kifuani kimesogea. Ilikuwa imependeza. Mapazia yote yalikuwa chini, kila moja na rangi yake, na majina yote yako juu. Barabara ile ilikuwa imepakwa uongo kwa miaka, na sasa ilikuwa inasema kweli, kwamba imefungwa na ina huzuni. Alitamani amwone akipita, hata kama ni ndani ya sanduku, amwambie, haya, umeona?

Alisimama akiangalia kona ya juu, magari ya kutoka mji mkubwa yanakotokea. Magoti yalianza kumuuma. Mvua ilimlowesha kichwa, ikamwingia shingoni. Kwenye ukuta wa daraja tangazo la chai la baba yake lilikuwa limeshaanza kutokeza. Hakuna gari lililotokea kona ya juu.

Ndipo kengele ya kanisa ikalia. Ililia polepole, pigo moja moja, na Malachy, aliyeisikia maisha yake yote, alijua inalia lini. Inalia jeneza linapoingizwa mlangoni.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Fidelma, akinong'ona.

"Mzee Malachy, uko wapi? Tumekuwekea nafasi mbele."

"Mmepitia wapi?"

"Kupitia wapi?"

"Jeneza, mwanangu. Jeneza limepitia wapi?"

"Sijui, ile barabara mpya inayozunguka nje ya mji. Dereva amefuata simu yake. Kwani vipi?" Kisha sauti ikabadilika. "Wewe uliniambia wanajua."

Malachy aliishusha simu sikioni. Alikuwa amesema, tena kwa kujiamini. Cuffe asingehitaji kuambiwa, wala baba yake Cuffe. Hakuna mtu Clonarra aliyewahi kumwelekeza mzishi njia, kwa hiyo haikumpitia kichwani kwamba dereva wa mbali haijui barabara hii, hajawahi kuisikia, na hana sababu ya kuifuata. Barabara hiyo ya mchepuko ilitokea nyuma ya kanisa, na makaburi yalikuwa pembeni mwa kanisa hilohilo. Wakitoka kwenye misa wangemtembeza hatua chache tu, na basi. Hakukuwa na mahali pengine pa kumpitisha.

Angeweza kuvuka daraja. Angewahi hata mahubiri. Lakini pazia la Attracta bado lilikuwa chini. Alibaki mlangoni, kofia mkononi, mbele ya mji aliomfungia mtu ambaye hakupita.

Watu walirudi wakipita ukingoni mwa barabara wakielekea kwenye chai na mkate wa nyama kwenye ukumbi. Walipofika kwenye mapazia walipunguza mwendo. Wengine walijivuta karibu na mume au mke. Mwishowe alikuja Bosco, peke yake, viatu vina udongo wa kaburi.

"Malachy. Imekwisha, ndugu yangu. Njoo upate chai."

Malachy aliendelea kuitazama kona ya juu.

"Umelowa chapachapa. Utaugua." Bosco aliunyoosha mkono kuelekea mlango wa Attracta, kwenye kitasa. "Nipe ufunguo. Nitalipandisha pazia mimi, kisha twende."

"Liache."

"Amekwisha kuzikwa, Malachy."

"Liache, Bosco. Hajapita bado."

Bosco alitazama kona ya juu ya barabara, akatazama daraja. Kisha akavua kofia yake, akasimama kando ya mwenzake, kwenye mvua, wakasubiri.