Ngoma ya Zipora Uwanjani

Enzi za Mjerumani, miaka michache kabla ya vita, padri mmoja aliwaletea wanafunzi wa chuo cha walimu cha misheni mchezo mgeni: kutumbukiza mpira kikapuni. Hakuna aliyeuweza kama Sostenes, Mgogo wa Bahi, mrefu hata walimu walimtazama kwa kuinua shingo. Siku moja akaruka, akatua vibaya, goti likateguka. Lilipona kwa kutembea tu, si kwa kuruka.

Alipohitimu akarudi Bahi kufundisha kusoma. Jioni akafunga kikapu kilichotobolewa kitako juu ya nguzo, akawaita vijana wachungaji. Walikuja mbio. Lakini mpira ukirushwa, wote waliuvamia kwa pamoja, vumbi likatimka, asionekane mtu.

"Mpe mwenzako!" Sostenes alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Zipora, binti aliyesifika kwa kupiga ngoma, alikuwa akipita na mtungi. Akacheka hadi maji yakamwagika.

"Mwalimu, hawa husikia ngoma, maneno hawayasikii."

"Basi njoo upige wewe!"

Kesho yake akaja kweli, ngoma kaibana kati ya magoti. Sharti likawa moja: kila pigo, mpira umtoke aliyenao; anayeukumbatia, nje! Mvua zilipoanza, vijana walikuwa wakipeana mpira bila hata kutazamana.

Padri akasikia, akawaalika chuoni washindane na wanafunzi wake. Wenyeji wakatangulia kufunga, wakafunga tena. Sostenes akashindwa kuvumilia, akainuka aingie mwenyewe. Zipora akamkamata kanzu.

"Kaa, Mwalimu. Wewe umeshacheza. Sasa ni wao."

Akaketi. Zipora akaharakisha mapigo. Mpira ukazunguka mikononi mwa vijana wa Bahi hadi wenyeji wakapoteana, na Matonya, mchunga mbuzi, akautumbukiza. Wakafunga tena na tena, wakashinda kwa kikapu kimoja. Sostenes alijikuta akirukaruka kwa mguu mmoja, akilia na kucheka.

"Rudi chuoni uwafundishe na hawa," Padri akamwambia.

"Peke yangu siwezi, Padri. Mimi na Zipora."

Zipora akamkazia macho. "Kama ni hivyo, kamwone baba kwanza. Na usiende bila ng'ombe."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Sostenes hakucheka, alikuwa ameshaanza kuwaza ni ng'ombe gani wa mjomba wake atakaowaomba.