Zamu Isiyohesabiwa
...mapigo kumi na mawili ya besiboli, gawanya kwa zamu thelathini za kushika gongo, wastani ni sifuri nukta nne, Ryohei kaandika ubaoni na kurudi kitini kifua mbele, na Mwalimu Kuroiwa anampigia makofi kana kwamba si mwanawe wa kumzaa, wazazi nao nyuma ya darasa, wamevaa ndara za shule, wanapiga, mama yangu kuliko wote, kaomba ruhusa kiwandani aje siku ya wazazi, "Haya Kozue, zamu yako, una mapigo mangapi?" sina, Mwalimu, "Kwa sauti, mama asikie!" sina, na darasa linaanguka kwa kicheko, "Yai hilo! Mwandikie yai!" chaki inalowa jasho mkononi, "Na zamu?" anajua, kocha wa timu yetu ya besiboli ni yeye huyuhuyu, kila nikishika gongo anagusa mkanda wake, na mkanda maana yake Kozue jitoe, uguse mpira tu udondoke miguuni, wewe utolewe, Ryohei asogee kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili, kiangazi kizima nimemsogeza, na zamu ya kujitoa mhanga haihesabiwi, alitufundisha mwenyewe, basi sina pigo wala sina zamu, sifuri kugawanya kwa sifuri, si sifuri hiyo, Mwalimu, hiyo haina jibu, nataka kusema, "Andika sifuri, binti, usitulaze hapa," nageuka kumtafuta mama, yeye ndiye anayefua jezi yangu, atasema neno... mama anacheka, mkono mdomoni, anamwinamia mama Ryohei, anaomba radhi, kwa ajili yangu anaomba radhi, kumbe mama, nawe unagusa mkanda... inauma, inauma mpaka kwenye meno, sawa, kesho ni fainali, Ryohei atakuwa kituo cha kwanza, baba yake atagusa mkanda, nitaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, halafu nitazungusha gongo kwa nguvu zangu zote, nikikosa nimekosa, Ryohei atakuwa keshaanza kukimbia, atanaswa katikati ya vituo akihangaika kama kuku aliyekatwa kichwa, mji mzima ukitazama, nami nitakuwa na zamu moja, sifuri gawanya kwa moja, hapo ndipo mtanipa sifuri, Mwalimu, na itakuwa yangu... "We Kozue, hiyo chaki unaila?" ubao bado mtupu, wanacheka bado, mama bado kainama, na mkono wangu umekauka jasho.