Safari Isiyo na Siku ya Kupumzika

Nyinyi akina mama wenzangu wenye vijana wanaopeleka wageni mlimani, safari ikipangwa mezani kwenu msiache kuitazama. Mimi niliitazama, nikachelewa kusema.

Mume wangu, aliyekuwa mpagazi, alifia juu mlimani. Kifua kilimjaa maji, na kiongozi wa safari, Aikaeli, akashuka na wageni akamwacha hemani, eti atarudi kumchukua. Aliporudi akakuta maiti. Mwanangu Nderingo alikuwa bado mdogo, lakini alilishika neno hilo la "narudi" akakua nalo, mpaka naye akawa kiongozi wa safari.

Mwaka jana duka alilofungua Aikaeli baada ya kuacha mlima lilikufa. Akaja kwetu Marangu ameshika jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale ukalipokea, umesamehe, huna neno tena. Nderingo akatia mikono mfukoni.

"Meku, mzee wangu, majani hayo mbuzi wetu hawali."

"Si ya mbuzi, mwanangu. Nimekuletea wewe."

"Basi kaa nayo. Kama unatafuta kazi, kazi ipo. Njoo uwe msaidizi wangu safari ijayo."

Jioni nikawa namenya ndizi, yeye anapanga safari pale pale mezani: gari, mahema, wapagazi, kambi ya kulala kila siku. Mimi shule niliishia ya msingi, ila nimekuwa mke wa mlima. Najua kabla ya kambi za juu watu hupumzika siku nzima mwili uzoee hewa.

"Siku ya kupumzika umeiweka wapi?"

"Wageni hawa wametoka kupanda Meru, mama, miili imezoea. Mimi nimeshuka juzi tu."

"Na Aikaeli?"

Hakuinua macho. "Aikaeli amekaa dukani miaka. Kifua kikianza kumchemka, nitashuka na wageni. Nitamwambia narudi."

"Utaua mtu, Nderingo."

"Nitafanya alichofanya yeye. Kama huko ni kuua, basi alimuua baba."

Sitawadanganya, maneno yale yalikuwa matamu moyoni mwangu kama mbege, pombe yetu ya ndizi. Kisha nikamsikia anakohoa.

"Na hicho kikohozi?"

"Vumbi."

Asubuhi moyo ukanisuta, nikaenda kwa Aikaeli kumwambia asiende. Nilimkuta anapaka mafuta viatu vyake vya zamani.

"Ratiba nimeiona, shemeji," akasema. "Mimi si mgeni wa mlima ule."

"Anataka ufe."

"Anataka nijue baba yake alivyojisikia. Hilo ana haki nalo."

Wakapanda. Kambi ya juu Aikaeli alitapika na kichwa kikamuuma hata haoni vizuri. Lakini kifua kilichojaa maji kilikuwa cha mwanangu, kile kile cha kikohozi. Wapagazi wanasema alitema povu jekundu, akamshika Aikaeli shati, akidhani ataachwa. Aikaeli akageuza safari yote, wageni na mizigo, akamfunga Nderingo mgongoni kwa blanketi akaanza kushuka huku anayumba. Wapagazi walipotaka kumpokea alikataa, mpaka alipoanguka ndipo wakampokea.

Sasa mwanangu yuko kitandani, na daktari amesema mlima basi. Aikaeli alikuja kumwona, na isale mkononi. Nderingo akaficha mikono chini ya blanketi. Nikaona aibu, nikalipokea mimi. Aikaeli akashukuru, akaenda zake.

"Umelipokea wewe, mama," Nderingo akasema. "Mimi sijalipokea."

"Mwanangu, amekubeba mgongoni."

"Hilo ndilo linaloniuma. Angeniacha, tungekuwa sawa. Nikipona nitatafuta njia nyingine ya kumlipiza."

Akageukia ukutani, akikohoa. Jani lile huwa naliweka chini ya mto wake anapolala. Kila nikija kufagia, nalikuta sakafuni.