Uzi Chini ya Masizi

1.

Tik.

Ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga tatu na blanketi la mtoto.

Tik. Tik.

Zamoyoni akaketi kitandani. Hakujapambazuka, umeme umekatika tangu magharibi, na mle sandukuni saa ya ukutani inatembea. Saa isiyo na betri. Saa iliyounganishwa na kitambaa cha jua, alichopewa kazini aende nacho nyumbani akikunje pindo.

Kitambaa cha jua, wewe unayesoma, gizani hulala.

Hiki hakikulala.

2.

TANGAZO
Maabara ya Nguo na Nishati. Wageni watafika Jumamosi saa nne asubuhi kukagua kitambaa kinachozalisha umeme wa jua. Wakiridhika, vitambaa ishirini vitapelekwa zahanati kuwasha taa ya chumba cha kujifungulia.
Wahusika: Dkt. Kalinga, mtafiti. Bi. Zamoyoni Rajabu, mtafiti msaidizi.

(Tangazo la mwaka jana, mahali hapohapo: *Fundi cherehani, 1.* Bila jina.)

3.

Kipande hiki baadaye.

4.

Daftari la Zamoyoni la masomo ya jioni, mwandiko wa kubana karatasi:

Juisi nyekundu ya choya hukamata mwanga. Unga mweupe wa titani huupokea umeme. Upande wa pili, kitambaa cheusi cha kaboni huurudisha. Katikati, maji ya iodini. Pande hizo mbili ndizo elektrodi.
Uzi wa kushonea elektrodi uwe wa kaboni. Kwa nini usiwe wa metali? Kwa sababu iodini hula

Hapo Tausi aliamka akilia, mama akafunga daftari.

5.

Wiki iliyopita, mlangoni mwa maabara, Dokta Kalinga akimwita mtunza stoo:

— Kobelo! Njoo uone, saa inatembea!

— Dokta, hujaiwekea betri kweli?

— Betri hii hapa mfukoni, bwana. Vyangu vyote vimekufa. Hiki cha Zamoyoni siku ya tatu leo!

— Basi tukubaliane. Shahada zako tatu na cherehani moja, cherehani imeshinda.

— Dada Zamoyoni, umekitia nini lakini?

— Mkono tu, Dokta.

Wakacheka. Naye akacheka.

Mkono tu.

3.

Haya.

Uzi wa kaboni ulikatika. Ukaunganishwa, ukakatika. Rola zima, ambalo Kobelo alisema limesafiri miezi mitatu kufika Morogoro, likaishia sakafuni vipandevipande kama kope. Akavifagia. Angesema nini? Kwamba fundi aliyeletwa kwa sababu anajua kushona, hajui kushona?

Mkobani mwake mlikuwa na uzi wa fedha, ule wa kudarizi magauni ya sendofu, uliopakwa alumini. Akaushona huo. Akapaka masizi ya kaboni juu yake, mara mbili, mpaka mng'aro ukafa.

Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alitaka tu ifike saa kumi akamchukue mtoto.

6.

Kulekule gizani, kwa mwanga wa simu, alifumua mshono mmoja. Alumini ilikuwa imeliwa. Umebaki uzi mtupu wa plastiki, kama mfupa wa dagaa.

Akamalizia mwenyewe ile sentensi ya daftarini. Iodini hula metali, na ikila, umeme hutoka. Mchana, usiku, haijali. Kumbe jua halijafanya kazi hata siku moja. Ni uzi unaojimaliza, na ukiisha, taa itazimika mama fulani akiwa katikati ya

Masikio yake yakawaka moto. Humo chumbani hamkuwa na mtu wa kumwona ila Tausi, naye amelala. Hata hivyo alijifunika uso.

7.

Maneno aliyoyajaribu asubuhi ile njiani kwenda maabara, kiganja cha Tausi mkononi mwake:

Dokta, kuna hitilafu ndogo. (Si ndogo.)
Dokta, uzi umeharibika. (Nani kauharibu?)
Dokta, mimi

8.

Chekechea imefungwa Jumamosi, kwa hiyo Tausi yupo, amesimama kando ya meza na viatu vyake vya Idi. Dokta Kalinga anaeleza. Kobelo amechomekea.

Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo, anakigusa kitambaa kwa ncha ya kidole, namna wanavyoguswa watoto wachanga.

— Wewe ndiye uliyeshona?

— Ndiyo, mama.

— Mungu akutunze, mwanangu. Sisi tunazalisha kwa tochi ya simu. Mikono ikijaa, simu tunaing'ata kwa meno.





Dokta akamtazama Zamoyoni kwa fahari, kama kaka. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

— Kama hakuna swali, jamani, tusogee tupige picha. Dada Zamoyoni, wewe kaa katikati.

Watu wakaanza kujipanga, viti vikasukumwa. Yeye hakusogea. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kama ilivyotembea njia nzima. Tausi akainua uso, akaitazama. Kisha akawageukia wageni, akasema kwa nguvu:

— Mama anataka kusema.