Kidole Ndani ya Trei ya Mafuta

Jumamosi saa nne asubuhi fundi wa majiko alitandaza magazeti uani, akavua saa yake, akaanza kulifungua jiko la gesi la kuchomea nyama. Jiko lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na halikuwahi kuoshwa hata siku moja. Baba mwenye nyumba alikuwa amepiga marufuku sabuni. Alisema ladha inakaa kwenye mafuta ya zamani. Basi mafuta yakarundikana. Yaliijaza trei ya chini, yakapanda kwenye kingo, yakawa meusi juu na kijivu ndani, na mende walikuwa wamenasa humo, wengine wazima, wengine miguu tu. Yalinuka kama tambara la kudekia lililolala ndani ya ndoo.

Jumamosi iliyofuata Baba angefanyiwa sherehe ya kustaafu hapo nyumbani, wageni hamsini. Jiko lilikuwa limegoma kuwaka tangu siku ile Mama alipovua aproni na kusema hatasimama tena mbele yake.

"Safari hii nakaa kwenye kiti kama watu," alisema. "Nami nile nyama ikiwa ya moto."

Walimwita fundi.

Mama alikuwa akipungua, na kila mtu nyumbani alijua. Mwaka wa kwanza wa jiko ziliondoka nyusi. Mwaka wa tatu zikaondoka kucha za mkono mmoja. Mwaka wa saba, katikati ya harusi ya mwanawe, kikaondoka kidole cha pete. Hakikuungua wala kukatika. Alinyoosha mkono kugeuza mbavu, akaurudisha ukiwa na vidole vinne. Shangazi, dada yake Baba, alimshauri atumie mkono wa pili, kwa kuwa kuna wageni waliokuwa hawajapata.

Fundi alichonga mafuta kwa patasi. Bonge la tatu lilitoka na nyusi, akaziweka kwenye gazeti kando ya skrubu. Kisha zikatoka kucha, akazihesabu, tano. Mwisho kikatoka kidole, kimevimba, laini, cheupe kama sabuni iliyolowa, pete imezama nyamani. Alikifuta kwa tambara.

"Hivi vya nani?"

"Vya wifi yangu," Shangazi alisema. "Usije ukavichanganya na skrubu."

Mama alinyoosha mkono apewe. Baba akamwambia asubiri, fundi hajamaliza.

Fundi alisugua mabomba, akabadilisha nozeli, akaunganisha mtungi, akawasha. Kimya. Akakirudisha kidole ndani ya trei, akawasha tena. Moto ukatoka wa bluu, mzuri, pande zote nne. Alipokitoa, ukazimika. Alirudia mara tatu, maana alikuwa fundi mwaminifu.

"Mzee, jiko lako ni zima," alisema. "Ukitaka liwake, kidole kibaki humu. Nitakifunga kwa waya kisihamehame."

"Ya kale dhahabu," Baba alisema. "Funga."

"Kidole changu hicho," Mama alisema. "Na pete ulinivisha wewe."

"Si unavyo vingine tisa?"

Shangazi, ambaye hakupenda ugomvi mbele ya watu baki, alisema labda jiko lipakwe rangi, lijazwe udongo, lipandwe maua. Baba akamuuliza kama wageni watakula maua.

Ndipo mkaza mwana, mke wa mwana wao, alipoondoa mkono puani. "Nunueni jipya, Mama apewe kidole chake," alisema. "Hamna hata haya? Miaka yote hii mnakula nyama iliyokolezwa kwa Mama."

Mumewe alimkonyeza anyamaze. Shangazi akamkumbusha kwamba naye amekula, tena siku ya harusi yake aliongeza sahani. Ilikuwa kweli. Mkaza mwana alikwenda nyuma ya tangi la maji, akatapika, akasukutua, akarudi na msimamo uleule.

"Mnaweza kununua," fundi alisema, akikusanya vifaa vyake. "Ila na jipya nalo litataka mtu wake. Majiko ya kulisha watu wengi yote ndivyo yalivyo."

Hapakuwa na aliyeuliza mtu huyo atakuwa nani. Baba, ambaye hubishana hata na saa ya ukutani, alikubali papo hapo. Mafuta yale yalikuwa na afadhali. Angalau hayakujifanya hamnazo.

Mama alikipachika kidole mahali pake, kikashika. Jiko jipya lililetwa Jumatano, linang'aa. Jioni hiyo Baba alikomba mafuta ya zamani kwa kijiko, mende na yote, akayahamishia kwenye trei mpya ili ladha isipotee. Alilamba kijiko.

Siku ya sherehe aproni ilitafutiwa mtu. Shangazi alikuwa na presha. Mwana alikuwa amevaa shati jeupe na alitakiwa kupokea wageni. Baba ndiye aliyekuwa akisherehekewa. Koleo lilipita mkono hadi mkono mpaka likafika kwa mkaza mwana, likaishia hapo. Moto uliwaka mara moja. Kabla nusu ya wageni hawajala, nyusi zake hazikuwepo. Mumewe aliliona hilo, akamwomba aharakishe mbavu za wakubwa wa kazini.

Mama alikaa kwenye kiti chenye mto, katikati ya wageni, mikono yake miwili juu ya meza. Mkaza mwana alimletea sahani yeye mwenyewe, jasho likimwingia machoni, maana hapakuwa na kitu cha kulizuia.

"Karibu, Mama. Ya moto hiyo."

Mama alikata kipande, akatafuna taratibu, amefumba macho. Watu wa meza yake walimngoja. Kisha akaisogeza sahani mbele.

"Ndani haijaiva vizuri," alisema. "Hebu kaigeuze tena. Na usisimame mbali na moto, mwanangu, nyama inapoa."