Mwalimu Telesphory na Wanafunzi wa Wodi

Boti ya asubuhi kutoka kijiji cha Mwamgongo ilimshusha mjini Mwalimu Telesphory akiwa amejikunja kama ndoana. Ngiri ya kinena aliyoificha miaka mingi chini ya koti lake sasa ilikuwa imekaba utumbo. Asipopasuliwa upesi, utumbo ungeoza, naye angekufa. Hayo aliambiwa pasipo kufichwa na Daktari Elikana wa hospitali ya mkoa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

Ndipo wakaingia wanafunzi wa udaktari. Aliyetangulia alikuwa binti aitwaye Dunia, glavu mkononi.

"Shikamoo, Babu. Naomba nikupime."

"Marahaba. Wewe ni rika la mjukuu wangu, na mkono wako hautafika huko! Mimi si ubao wa kujifunzia. Niitieni daktari aliyeiva."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko. "Mzee, ukingoja hawa waive, utaoza wewe."

Elikana hakucheka. Alivuta kiti, akaketi.

"Mwalimu, unawakumbuka walimu wanafunzi waliotoka chuoni kuja kujifunza kazi darasani kwetu? Tuliwazomea, ukatuchapa."

"Mlistahili."

"Kisha ukaketi nyuma ya darasa, ukawaacha wafundishe. Leo nyuma nitaketi mimi."

Mwalimu alimkumbuka mdogo wake Jeremia, aliyeshikwa na maradhi hayohayo enzi ambazo hapa hapakuwa na mpasuaji. Walimpakia kwenye treni kumpeleka kwa wenye ujuzi, naye akakata roho kabla ya kufika Tabora. Siku zile hakuna aliyekuwa akijifunza udaktari katika wodi hizi.

"Pima, binti," alisema, akageuza uso kuelekea ukutani.

Dunia aliupapasa uvimbe taratibu. Alieleza alichokigusa, Elikana akamsahihisha mahali pamoja tu. Saa ileile mzee akapelekwa chumba cha upasuaji, na Dunia akasimama ng'ambo ya meza, akimsaidia Elikana kupasua.

Siku mzee aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Dunia alimkuta ameketi wima, koti limefungwa vifungo vyote. Kwa desturi ya Waha, watu wa kwao Mwalimu, mdogo ndiye humpigia mkubwa makofi ya heshima. Mwalimu alikutanisha viganja vyake vikavu, akampigia makofi hayo taratibu, wodi nzima ikitazama.

"Babu, jamani, usinifanyie hivyo!" Dunia alipiga magoti.

"Pokea. Mdogo wangu Jeremia hakumpata daktari wa kumpigia makofi haya. Haya, inuka, nenda ukasome."