Mto Ulikuwa Ukiita

...na bado kimya, kontena la kwanza linaita na la pili halisikii, ilhali yote mawili, visanduku vya programu tu, yamo ndani ya kompyuta hii hii iliyo chini ya meza, joto lake linampiga Lutfa magotini, inakuwaje wawili wakae nyumba moja wasijuane, ingawa ni yeye mwenyewe aliyewatenga, mmoja apokee kipimo cha maji kutoka juu, vilimani, mto Jadukata unakotokea, mwingine apeleke onyo kwenye simu za wakulima wa bondeni, ili mmoja akianguka mwenzake asife naye... "Lutfa apa, dada yangu, sambusa zinapoa," anasema Mukul kutoka meza ya pili, mdomo umejaa, "si uyaweke yote mawili pamoja tukale," naye anamsikia kwa mbali, vidole vinaandika, mtandao wa ndani, daraja la nyaya zisizokuwepo, kila kontena na jina lake na anwani yake, halafu ule ukuta wa ulinzi wa mashine, kumbe ndio uliokuwa ukitupa kila kinachojaribu kupita, auambie upishe, upishe tu... kama maji, maji ya mwezi wa Boishakh, Aprili ile ya utotoni, mpunga ulikuwa umebakiza siku chache uvunwe na mama amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, anakata kwa kupapasa, mundu hauonekani, masuke mabichi anampa Lutfa ayabebe kichwani, mwaka mzima wa kula umezama, na mjomba Arzu, aliyekaa juu huko karibu na vilima, aliyeyaona maji yakipita mlangoni kwake kabla hayajafika kwao, alikuja mambo yameshaharibika, akasema, "Nilipiga simu, dada, nilipiga mpaka ikazima," mama akageuza uso, na Lutfa mdogo akamtazama akasema moyoni muongo, muongo, mpaka leo hajawahi kunywa chai nyumbani kwake... anabonyeza. Kontena la pili linajibu. Linajibu upesi kuliko kupepesa jicho, halafu vipimo vinaanza kuingia, si kimoja, vinamiminika, cha sasa na cha kabla yake na vyote vya tangu alfajiri, maana lile la kwanza halikunyamaza hata mara moja, liliita likakosa jibu likaweka akiba likaita tena, asubuhi nzima, miguuni pake, na yeye alikuwa akilitukana kuwa ni bubu... mto mzima unapanda kwenye kioo, sentimita kwa sentimita, bado uko chini ya alama ya hatari, maji yanayogonga mawe huko mbali sasa hivi yako hapa, hayana sauti, yamepita njia isiyoshikika kwa mkono, nywele za mikononi zinamsimama... "Apa, mbona unaikodolea macho hiyo kompyuta kama mchumba aliyeshuka kutoka London?" "Ilikuwa inaita," anasema taratibu. "Nani?" Mukul anauliza, anacheka, anachukua sambusa nyingine, kipimo kingine kinaingia, kidole cha Lutfa hakijatoka kwenye kitufe, na anamwona mtu juu ya paa, shati limeganda mwilini kwa mvua, simu sikioni, anapiga, anakata, anapiga tena, na huku chini hakuna kinacholia, Mungu wangu, mjomba alikuwa akipiga...